Wakikuuliza kuhusu ngozi yako: namna ya kujiandaa

Nina vitiligo, yaani mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi, usoni na mikononi, kwa hiyo maswali nayajua. "Dada, uliungua?" "Umejichubua?" Wengine hawaulizi, wanakodoa macho tu kisha wanasogea pembeni. Dawa ya kupaka ninayo, lakini rangi huchukua miezi mingi kuanza kurudi, na hakuna daktari anayeweza kukuahidi kwamba itarudi yote. Ukisubiri ngozi ipone ndipo uanze kuishi, utasubiri sana. Ninayoeleza hapa yanamfaa pia mwenye soriasisi, ukurutu, chunusi kali au kovu.

Anza na jibu. Litunge ukiwa umetulia, si mbele ya mtu anayekukazia macho. Changing Faces, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 1992 na James Partridge, ambaye aliungua vibaya usoni akiwa kijana, hufundisha hatua tatu: eleza, ondoa hofu, hamisha mazungumzo. Langu huwa hivi: "Ni vitiligo, kinga ya mwili inashambulia seli zinazotia ngozi rangi. Haiambukizi. Hivi foleni hii inasogea kweli?" Usiidharau sehemu ya mwisho. Mara nyingi aliyeuliza ameshaanza kuona haya na hajui aishie wapi, na swali lako linamwokoa. Jibu lako lisemee mbele ya kioo mpaka litoke bila sauti kutetemeka. Tunga na jingine fupi la siku ambazo huna hamu ya mtu: "Ni hali ya ngozi tu, asante." Hudaiwi maelezo na kila abiria. Mtoto akiuliza, mjibu kweli kwa maneno machache. Akisharidhika hurudi kwenye michezo yake. Anayemtisha ni mzazi anayemvuta mkono na kumnyamazisha.

Macho ya watu ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Kleck na Strenta, waliwachora watu kovu bandia usoni, kisha wakalifuta kwa siri kabla hawajakutana na mgeni. Watu hao, wakiamini kovu bado lipo, walisema mgeni aliwatazama vibaya. Usinielewe kwamba unyanyapaa ni wa kufikirika. Upo, na unauma. Ila hofu nayo huongeza yake, kwa hiyo ipime. Chagua sehemu moja uliyoikwepa, nyepesi kwanza. Andika unachodhani kitatokea. Nenda, kaa mpaka moyo utulie, ukirudi andika kilichotokea. Ukishazoea hapo, panda kwenye sehemu ngumu kidogo. Hiyo ni mbinu ya wanasaikolojia wanaotumia tiba ya mawazo na tabia, na ukiweza kumpata mmoja wao akusimamie, bora zaidi.

Vipodozi vya kufunika mabaka? Tumia ukipenda, mimi hutumia kwenye sherehe. Lakini kama huwezi hata kumfungulia mtu mlango bila kujipaka, hilo mwambie daktari.

Na umwambie wazi, maana wengi hutazama ngozi tu. Sema: "Siku hizi sitoki, silali, sioni raha ya chochote." Muulize kama ana dodoso la DLQI. Lina maswali 10 kuhusu jinsi ngozi ilivyoyagusa maisha yako katika wiki iliyopita, na alama huanzia 0 hadi 30. Ukivuka 10, athari ni kubwa sana, na hapo una haki ya kuomba rufaa kwa mwanasaikolojia. Mawazo ya kujidhuru hayangoji miadi ya kliniki: mwambie mtu unayemwamini na ufike hospitali siku hiyo hiyo.

Wamebaki ndugu, wale wa "kuna dawa moja nimesikia" kila mkikutana. Mchukue pembeni yule anayesikilizwa na wengine, umwambie: "Shangazi, habari za dawa nitakuja kukuuliza mwenyewe nikizihitaji. Leo niulize kazi inaendaje."