Jinsi ya kupima kama mafuta ya mchaichai yanatuliza maumivu kwa panya wa maabara

Panya aliyelegea hutulia sawasawa na panya asiyeumwa. Kwa mmea ambao watu huunywa ili wapate usingizi, kuzitofautisha hali hizi mbili ndiyo kazi yenyewe.

1. Pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Kabla ya hapo usimguse panya hata mmoja.

2. Toa mafuta kwa mvuke wa maji, kwa kifaa cha Clevenger (chombo cha kioo cha kukenekea mafuta ya mimea). Yatunze baridini kwenye chupa ya rangi, kisha yapime viambato. Kwa kawaida sitrali ndiyo nyingi; mirseni hupanda na kushuka kulingana na shamba.

3. Gawa makundi kwa kura: kiyeyushi peke yake (kimiminika kinachobeba mafuta, bila mafuta yenyewe), mofini (dawa kali ya maumivu), na dozi tatu za mafuta. Hapa harufu ni tatizo kubwa. Anayehesabu akiinusa, ameshajua nani kapewa nini. Rekodi video, naye ahesabu akiwa chumba kingine. Vizimba pia vitenganishwe, maana panya wa kundi la kiyeyushi watavuta mvuke wa jirani zao.

4. Anza na gogo linalozunguka (rotarodi). Dozi inayowaangusha panya usiitumie kudai kwamba inatuliza maumivu. Watafiti wengi huweka kipimo hiki mwisho. Mimi nasisitiza kitangulie.

5. Sasa pima maumivu. Dunga asidi ya asetiki ya asilimia 0.6 tumboni: hesabu mikunyato kwa dakika 20. Kipimo hiki hunasa mengi, hata dawa za kulegeza misuli, hivyo kisisimame peke yake. Sahani ya moto, nyuzi 55 za Selsiasi: panya akilamba mguu au akiruka, mtoe, asipofanya hivyo, mtoe ifikapo sekunde 30 asiungue. Dunga formalini unyayoni: dakika 5 za mwanzo ni maumivu ya neva moja kwa moja, dakika 15 hadi 30 ni ya uvimbe.

6. Rudia sahani ya moto ukitanguliza naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini. Watafiti wa Fortaleza, Brazili, mwaka 2000 waliona naloksoni ikizuia nguvu ya mafuta haya, dalili kwamba njia ya opioidi (ile inayotumiwa na mofini) inahusika. Kwenye formalini, miligramu 200 kwa kilo zilizodungwa tumboni zilifuta kabisa awamu ya pili (ile ya uvimbe), lakini miligramu 100 kwa kilo zilizopitia mdomoni ziliipunguza kwa asilimia 48 tu. Kwa hiyo dozi na njia ya kuitoa viandikwe kando ya kila namba.