Jinsi ya kusoma sheria ya faragha na teknolojia bila kuwa wakili

Mwongozo huu ni wa fundi wa mifumo ya kompyuta, afisa wa wafanyakazi, mtunza rekodi za hospitali au mhasibu wa sacco: mtu ambaye data za watu hupita mikononi mwake kila siku, na sasa mkubwa wake amemwambia, "Hebu shughulikia hayo mambo ya ulinzi wa data." Mimi nilitokea upande wa hifadhidata, na leo kazi yangu Kenya ni hiyo. Nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaeleza kazi zinazofanywa na watu kama sisi. Kwa hiyo tuisome kwa kuanzia kazini kwetu.

Hatua ya 1: Chora njia ya data

Kabla ya kufungua kifungu chochote, chukua fomu moja inayotumika kazini na uifuate mpaka mwisho wa safari yake. Tuchukue fomu ya mkopo ya sacco. Ina jina, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), payslip, nambari ya simu, jina la mrithi, na majina ya wadhamini. Nani anaipokea? Inaingizwa wapi? Nani mwingine anapata nakala: kampuni ya kutuma SMS, CRB (kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu), fundi wa nje anayetunza seva? Inakaa kwa muda gani mkopo ukishalipwa?

Mrithi na wadhamini wanasahaulika sana. Mrithi huenda hata hajui kwamba jina lake limo humo, na sheria inamlinda sawasawa na mkopaji.

Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa lile daftari la wageni langoni, ambalo kila anayeingia anaandika jina, kitambulisho na simu huku akisoma za waliomtangulia. Ni mfano mdogo, lakini karibu maswali yote ya sheria hii yamo ndani ya daftari hilo.

Hatua ya 2: Soma sheria yenyewe, kwa mpangilio wako

Sheria za Kenya na hukumu za mahakama zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Usianze ukurasa wa kwanza ukaenda moja kwa moja mpaka mwisho. Sehemu ya kuunda ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayesimamia sheria hii, itakuchosha mapema. Anza na Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, ambayo ndiyo mzizi wa yote. Kisha kifungu cha 2 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, kwenye tafsiri za maneno, ukatofautishe mdhibiti, anayeamua kwa nini na vipi data itumike, na mchakataji, anayefanya kazi hiyo kwa niaba yake. Baada ya hapo nenda kifungu cha 25 chenye kanuni, cha 26 chenye haki za mwenye data (mtu ambaye data inamhusu), cha 30 chenye misingi ya uhalali, na cha 32 kuhusu ridhaa. Vingine vitakuja vyenyewe kadiri kazi inavyovidai.

Soma ukiwa na kalamu. Zungushia kila neno linaloamuru na kila neno linaloruhusu tu. Pigia mstari "na", "au" na "isipokuwa". Mazoezi mazuri ni kifungu cha 63: faini ya Kamishna ni hadi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, hadi asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 100 basi haiwezi kutozwa zaidi ya milioni 1, na yenye mapato ya bilioni 2 inaishia kwenye milioni 5. Sasa linganisha na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018: kwa makosa makubwa ni hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, kutegemea ipi ni kubwa. Neno moja linageuza hesabu yote. Nimesikia watu wakiwatisha wakurugenzi kwa hesabu ya Ulaya katika mkutano wa Nairobi, na hilo halimsaidii mtu.

Hatua ya 3: Kila safari ya data ipewe msingi wake

Rudi kwenye mchoro wako na uandike, kando ya kila mstari, msingi wa kifungu cha 30 unaoutegemea. Kuchunguza uwezo wa mwanachama kulipa mkopo: mkataba. Kutunza rekodi zinazodaiwa na sheria za kodi: wajibu wa kisheria. Kumtumia SMS za kutangaza kiwanja kipya kinachouzwa: ridhaa.

Hapa ndipo wengi huteleza kwa kutaka sahihi ya ridhaa kwa kila kitu, wakidhani ndiyo kinga. Ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa ni wako. Ukimwomba mwanachama ridhaa ya kutunza rekodi ya deni lake, utafanya nini akiiondoa kesho? Na mfanyakazi anayeletewa fomu ya ridhaa na bosi wake ana uhuru gani wa kukataa?

Hatua ya 4: Soma hukumu za Huduma Namba

Huduma Namba ulikuwa mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu nchini na kumpa nambari moja ya utambulisho. Ukisoma hukumu mbili tu mwaka huu, ziwe hizi. Ya kwanza ni ya Januari 2020, kesi ya Nubian Rights Forum, iliyoamuliwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Walisema kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya GPS ni kinyume cha Katiba, na mpango uliobaki hauwezi kuendelea mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Ya pili ni ya Oktoba 2021, Katiba Institute ikiwa mmoja wa walalamikaji. Jaji Jairus Ngaah alibatilisha uamuzi wa kutoa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari inayotakiwa na kifungu cha 31, yaani waraka unaopima hatari ambazo mradi unaweza kuwaletea wenye data, haikufanywa. Data ilikusanywa miezi kadhaa kabla ya sheria kupita Novemba 2019, lakini jaji alisema sheria inarudi nyuma mpaka huko, kwa kuwa haki yenyewe ya faragha tayari ilikuwa katika Katiba.

Tafakari hilo. Mradi wa taifa zima ulisimamishwa kwa kukosa waraka ambao kwa kawaida huandikwa na watu wanaoujua mfumo: wanaojua data inaingilia wapi na nani ana nywila.

Unaposoma hukumu, andika mambo manne kwa maneno yako: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, ilijibu nini, kwa sababu gani. Sababu ndiyo utakayoitumia kazini. Kisha pitia maamuzi ya Kamishna, ambayo ni mafupi zaidi. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja mtandaoni.

Hatua ya 5: Andika tathmini moja

Chagua jambo halisi, kwa mfano mashine ya alama za vidole ya kuhesabu mahudhurio. Eleza inavyofanya kazi na kwa nini inatakiwa. Uliza kama kadi ya kawaida isingetosha. Swali hili ndilo moyo wa tathmini, na jibu la "lakini mashine tumeshanunua" halikubaliki. Orodhesha madhara yanayoweza kumpata mfanyakazi, kisha hatua za kuyapunguza. Alama za vidole ni data nyeti, na nenosiri lililovuja hubadilishwa ila kidole hakibadilishwi. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 31 kinataka ripoti iwasilishwe siku 60 kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Nchi jirani na vyeti

Kama data yako inavuka Namanga, soma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Uganda ina ya 2019, Rwanda ya 2021. Kuhusu vyeti, mitihani ya IAPP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa faragha, haidai shahada ya sheria, ila cheti chake cha CIPP/E kinahusu Ulaya. Kichukue kama unahudumia wateja wa huko. Kifungu cha 24 cha sheria ya Kenya hakidai kwamba afisa wa ulinzi wa data awe wakili.

Hatua ya 7: Jua mahali pa kusimama

Ukipata ilani ya utekelezaji kutoka kwa Kamishna, dai la fidia au wito wa mahakama, muite wakili siku hiyo hiyo. Usijibu peke yako, hata kama unajua jibu.

Uvujaji wa data haungoji, ingawa. Kukiwa na hatari halisi kwa wenye data, mdhibiti ana saa 72 za kumjulisha Kamishna tangu alipojua, na mchakataji ana saa 48 za kumjulisha mdhibiti pale inapowezekana. Andaa leo ukurasa mmoja wenye simu ya wakili, ya mkurugenzi na ya fundi wa seva, na nafasi za kujaza: nini kimevuja, cha watu wangapi, lini kiligunduliwa, nini kimefanywa. Kisha chagua Ijumaa moja jioni, wasipotarajia, uwapigie wote watatu uone nani anashika simu.