Postikadi kwa kalamu ya kujaza wino: kutoka mezani hadi dirisha la posta

Juzi nilikuwa namwelekeza mdogo wangu mmoja wa Morogoro aliyenunua kalamu yake ya kwanza ya kujaza wino, na papo hapo akataka kuanza kubadilishana kadi na wapenzi wa kalamu wa nje. Maswali yake ni yaleyale ninayoulizwa na wengine, basi nayajibu yote hapa. Sielezi namna ya kujaza wino wala kuosha kalamu. Kama bado hujazoea, maliza daftari moja kwanza ndipo urudi.

Hatua ya 1: Tafuta wa kuandikiana naye

Njia nyepesi ni Postcrossing, mradi ulioanzishwa na Mreno Paulo Magalhães mwaka 2005. Unaomba anwani, unapewa ya mtu usiyemjua, unamtumia kadi. Ikimfikia na akaisajili, zamu yako ya kupokea inafika, ila atakayekuandikia ni mtu mwingine kabisa. Mgeni anaanza na kadi tano njiani kwa wakati mmoja, na hizo zinatosha kabisa. Kwenye wasifu wako sema wazi kwamba unatumia kalamu ya wino, maana wenye ugonjwa huu hutambuana haraka. Ukifika mwezi wa Februari kuna pia InCoWriMo, ambapo watu hujiwekea nadhiri ya kuandika barua au kadi moja kwa mkono kila siku. Humo kalamu za wino zimejaa.

Toa sanduku la posta, usitoe mtaa unaolala. Kama huna sanduku lako, omba la ofisini au la ndugu, na jina lako litangulie juu ya jina la mwenye sanduku.

Hatua ya 2: Stempu kwanza, kadi baadaye

Wengi huacha stempu hadi mwisho, na hapo ndipo kadi nzuri inapoharibika. Nenda posta, taja nchi unayotuma, sema ni postikadi ya kwenda kwa ndege, uliza gharama. Mara nyingi hutapata stempu moja yenye thamani nzima. Utapewa tatu, hata nne, na kuna zile pana ambazo zikikaa mbili tu zimemaliza kona yote ya juu kulia. Zipeleke nyumbani, zipange juu ya kadi bila kuzibandika, na chora mpaka wake kwa penseli. Nafasi inayobaki ndiyo yako.

Omba stempu zenye picha. Mashine ikigonga chapa ya bei badala ya stempu, mwenzako wa Finland anabaki na karatasi tu.

Hatua ya 3: Karatasi na wino (hapa kaa kitako)

Nimeziunganisha makusudi. Anayekuuzia wino atakwambia "huu hautoki kwa maji", na anayekuuzia kadi atakwambia "hii ni nzito, safi". Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na maandishi yako yakafutika vilevile.

Mdogo wangu alikuwa na Noodler's Black, wino wa Marekani unaosifiwa kwa kutofutika. Akaandika kwenye kadi ya watalii yenye picha ya Kilimanjaro, akaiacha usiku kucha, asubuhi akapitisha kidole: mstari mzima ukawa mkia mweusi. Akadhani kauziwa feki. Wino ulikuwa halali kabisa. Wino wa namna ile hudumu kwa sababu unashikana na selulosi, yaani nyuzi za karatasi zenyewe. Kadi nyingi za dukani zimepakwa utando unaong'aa, na nyingine zimepakwa hata upande wa kuandikia. Nyuzi ziko chini ya utando, wino uko juu yake, havikutani. Kwa hiyo unakauka kama vumbi na kusubiri kidole au tone la mvua.

Utando unaujuaje? Inamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha uone kama upande wa nyuma unameremeta. Ukiwa na shaka, chora kistari kifupi ndani ya ile kona ya stempu, subiri dakika tano, kisha pitisha kidole. Wino ukijikusanya vitone kama maji juu ya jani la mgomba, kadi hiyo haifai. Kikibaki kilivyo, endelea, stempu itakifunika.

Kadi ikiwa na utando na picha yake huwezi kuiacha, bandika karatasi nyeupe ya kawaida upande wote wa nyuma kwa gundi ya kijiti, kisha ikandamize chini ya vitabu mpaka ikauke. Gundi ya maji itakunja kadi. Wapo wanaosugua utando kwa kifutio laini ili upungue utelezi, na husaidia kidogo, lakini siwezi kuikabidhi kadi ya kwenda Japani kwa kifutio.

Mimi nakata kadi zangu mwenyewe kutoka karatasi ya manila ile nene, ya stesheneri yoyote. Milimita 148 kwa 105 ni kipimo salama, maana Umoja wa Posta Duniani unataka postikadi isipungue 140 kwa 90. Upande mmoja bandika picha au chora. Manila hunywa wino, na wakati mwingine hunywa kupita kiasi mpaka herufi zinaota ndevu. Dawa yake ni nibu nyembamba, yaani ncha ya kalamu. Nibu za Kijapani zenye alama ya F (nyembamba) huandika wembamba kuliko F za Ulaya, ndiyo maana kwenye kadi natumia Pilot au Platinum za Japani na ile Lamy Safari ya Ujerumani naiachia daftari. Najua wenye nibu pana watanikasirikia. Waandike barua.

Sasa wino. Weka kando kwanza wino wa kawaida wa rangi, wa katriji au wa chupa, hata ule mzuri unaoupenda. Ile ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, na maji huirudisha ilikotoka. Ule wa bluu unaong'aa wekundu ndio mbaya zaidi, kwa sababu mwingine huchafua vidole hata baada ya wiki. Kwenye sehemu ya ujumbe cheza nao ukitaka. Kwenye anwani, hapana.

Zinabaki aina mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni wino wa chuma na tanini: Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi, Platinum Blue-Black, au Salix ya Rohrer & Klingner. Unaandika bluu, kisha hewa inaugeuza kuwa mweusi ndani ya nyuzi. Maji yakiupata, bluu inaondoka na mstari wa kijivu unabaki, unasomeka. Usiukaushe kwa karatasi ya kunyonya wino, kwani utaondoa kile kinachotakiwa kuzama. Angalia pia usidanganywe na jina, maana si kila bluu-nyeusi ina chuma. Lamy ya chupa iliwahi kuwa nacho kisha ikabadilishwa, jina likabaki lilelile. Wino huu una asidi, kwa hiyo usiuache ndani ya kalamu mwezi mzima bila kuandika.

Ya pili ni wino wa pigimenti, kama Platinum Carbon Black. Huu una chembe ndogo sana zinazokaa juu ya karatasi na kushika, na hata kwenye kadi yenye utando kidogo unajitahidi. Ubaya wake ukikaukia ndani ya kalamu umeiziba. Utie kwenye Platinum Preppy, kalamu ya bei nafuu ambayo kifuniko chake hubana hewa kwelikweli, na isafishe kila unapojaza upya.

Usidanganyike na wino mweusi wa wachoraji wenye sheleki (utomvu unaoganda), wala wino wa mhuri, wala wa printa. Huo wa sheleki hautoki kwa maji, ni kweli, na hautoki kwenye kalamu pia.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwenye kipande cha kadi ileile utakayotuma. Andika mistari mitatu, acha siku nzima. Mstari wa kwanza mwagie tone la maji na uliache dakika moja kabla ya kulinyonya kwa tishu. Wa pili uweke chini ya bomba. Wa tatu usugue kwa kidole kilicholowa. Mstari wa tatu ndio unaosema ukweli, kwa sababu kadi haitembei na bahasha: inasuguana na nyingine gunia zima. Dar au Tanga, kwenye unyevu wa masika, ongeza muda wa kukauka.

Na weka kipande cha karatasi chini ya kiganja unapoandika. Mafuta ya mkono yakigusa kadi, wino unaruka hapo, na utalaumu nibu bure. Kama umetoka kula chapati, nawa kwa sabuni.

Hatua ya 4: Anwani

Nusu ya kulia ni ya anwani na stempu, kushoto ni ujumbe. Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa Kiingereza au Kifaransa, herufi kubwa. Usiandike GERMANY kwa mwandiko wa harusi. Acha madoido yaende kushoto. Kadi za Marekani ziachie sentimita moja na nusu hivi tupu chini, kwa sababu mashine zao huchapa msimbo wa mistari (barcode) hapo na utapita juu ya maneno yako. Namba ya kadi, ile unayopewa na Postcrossing pamoja na anwani, iandike mara mbili, sehemu mbili tofauti. Bila hiyo mpokeaji hawezi kusajili.

Anwani ikikauka, pitisha mshumaa mweupe juu yake kidogo. Nta hufukuza maji. Isifike penye stempu, haitashika. Selotepu sitaki kuiona, na ikifunika stempu posta nyingi hazitaihesabu.

Kuandika anwani kwa peni ya kawaida si dhambi. Ila mwenzako alikuja kwa ajili ya kalamu.

Hatua ya 5: Ujumbe na dirishani

Andika unachotaka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, taja kalamu, ukubwa wa nibu na jina la wino. Ndiyo desturi, na usipotaja utaulizwa.

Piga picha pande zote mbili. Bandika stempu, ipeleke dirishani na uombe igongwe mhuri kwa mkono mbele yako. Mhudumu akigonga katikati ya maandishi usigombane naye. Ukipokea kadi ya mtu ambayo wino wake umechujuka, mtumie picha yake ajue ni wino gani umemwangusha.