Umeona mwanga wa ajabu angani Dodoma? Pima kabla hujausambaza

Mwanga usioujua ukitokea, usikimbilie kurekodi. Simama ukiwa na kitu kisichotikisika mbele yako: nguzo ya umeme, pembe ya paa, ukingo wa ukuta. Ukikodolea nuru moja gizani bila kitu cha kulinganishia, itaonekana inarukaruka hata kama imetulia, kwa sababu macho yenyewe hayatulii. Egemeza kichwa ukutani, pangilia nuru na ncha ya nguzo, hesabu dakika tano. Nyota na sayari hujongea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo katika muda huo zitahama kidogo tu: zaidi kidogo ya upana wa kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooshwa.

Sasa andika mambo matatu, kabla hujazungumza na jirani, maana mkishasimuliana kumbukumbu huchanganyika.

Muda uandike kwa mtindo wa saa 24. Saa mbili na robo usiku ni 20:15. Wengi huingiza 2:15 kwenye programu ya nyota, wakapata anga la usiku wa manane, kisha wakatangaza kwamba hakuna nyota iliyolingana.

Upande upime kwa dira ya simu, mbali na gari, geti na nondo, kwani chuma huipotosha.

Kimo kipime kwa ngumi: mkono ukinyooshwa, ngumi moja ni takriban nyuzi 10. Hesabu ngumi kutoka upeo wa macho. Usiandike "mita mia tano juu". Hilo huwezi kulijua.

Fungua Stellarium, programu inayoonyesha anga la mahali na wakati utakaochagua, kisha weka Dodoma, tarehe na muda. Mwanga mkali mweupe magharibi jioni, au mashariki alfajiri, mara nyingi ni sayari ya Zuhura. Haiwezi kuonekana usiku wa manane. Nyota Sirius ikiwa chini hubadilika rangi, nyekundu, kijani, buluu, kwa sababu ya hewa nzito inayopitia. Msururu wa nukta zinazofuatana ni satelaiti za intaneti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka 2019. Hizi, pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Anga kilicho kimo cha kilomita 400 hivi, huangaza kwa nuru ya jua, kwa hiyo zitafute ndani ya muda wa saa moja na nusu hivi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Kituo hicho hufifia katikati ya anga kikiingia kwenye kivuli cha Dunia, na hapo ndipo watu husema "kimetoweka". Muda wa kupita utaupata kwenye tovuti ya Heavens-Above.

Ndege inayokuelekea ikiwa imewasha taa za kutua huonekana imening'inia dakika kadhaa. Ikikata kona, taa nyekundu ya bawa la kushoto na ya kijani ya kulia hujitokeza. Kagua Flightradar24, ramani ya mtandaoni ya ndege zilizo angani, ingawa si kila ndege huonekana humo.

Madai ya ukubwa ndiyo dhaifu kuliko yote. Bila umbali, droni ndogo iliyo karibu na kitu kikubwa kilicho mbali hulingana machoni. Mpigie mtu aliye kilomita moja pembeni, kulia au kushoto mwa mwelekeo wa mwanga, naye apime kwa wakati uleule. Upande wa kitu kilicho kilomita tatu utatofautiana karibu ngumi mbili, sayari haitatofautiana.

Ukiletewa video, omba faili halisi, litumwe kama hati, kwa kuwa WhatsApp huondoa taarifa za muda na mahali. Nuru iliyo upande wa pili wa taa kali, ikivuka katikati ya picha, ni mwako wa lenzi, yaani taa hiyohiyo ikiakisiwa ndani ya kamera. Duara linalotanuka na kusinyaa ni nukta iliyopoteza fokasi.

Isipolingana na chochote, andika "haijatambuliwa", basi. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani ulikusanya taarifa 12,618 za vitu visivyotambuliwa angani hadi 1969. Kati yake 701 zilibaki bila jibu, na hakuna iliyothibitisha chombo kutoka sayari nyingine. Hifadhi vipimo vyako: Stellarium hurudisha anga la tarehe yoyote, kwa hiyo tukio lenye muda, upande na kimo laweza kuchunguzwa tena hata mwakani.