Brezel za kumpelekea rafiki aliyefungua mgahawa wa Kijerumani

Ujerumani, mtu akihamia nyumba mpya au akifungua biashara, wageni humpelekea mkate na chumvi. Kwa rafiki aliyefungua mgahawa wa chakula cha kusini mwa nchi hiyo, brezel, mkate wenye umbo la fundo unaonyunyiziwa chumvi, inabeba vyote viwili kwa mpigo, tena umbo lake ndilo alama ya zamani ya waokaji, linaloning'inia juu ya milango ya maduka yao hadi leo. Tatizo ni moja: brezel haingoji. Saa sita baada ya kutoka tanurini imeshakuwa kama mpira. Kwa hiyo panga ratiba kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukitaka kukabidhi saa 9:30 alasiri, kabla jiko la jioni halijapamba moto, anza kukanda saa 5 asubuhi.

Vipimo vya brezel 10

Unga wa ngano gramu 500 (Ujerumani nunua Type 550), maji baridi gramu 260, siagi gramu 25, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 5, na kimea cha shayiri au sukari gramu 10. Waokaji wengi wa huko hutumia mafuta ya nguruwe badala ya siagi. Kama kuna asiyekula nguruwe katika jiko la rafiki yako, tumia siagi na umwambie hivyo bila kungoja aulize.

Donge

Kanda kila kitu pamoja kwa dakika 10. Donge liwe gumu kuliko la mandazi, lisishike mkononi. Ukishawishika kuongeza maji, acha: donge laini halishiki umbo, na mikono ya brezel itanyooka ikiingia kwenye dawa ya rangi (maji ya kostiki soda, yameelezwa chini). Funika dakika 15, kata vipande vya gramu 80, visukume viwe vijiti vifupi, kisha vipumzishe dakika 10. Usipovipumzisha vitajirudi kila ukivivuta.

Sasa sukuma kila kijiti kifike sentimita 55. Katikati pabaki nene (hilo ndilo tumbo), ncha ziwe nyembamba kama penseli (hiyo ndiyo mikono). Pindua kijiti kiwe kama U, zungusha ncha mara mbili, zirudishe juu ya tumbo na uzibane.

Hapa jua rafiki yako ni wa wapi. Brezel ya Uswabi, upande wa Stuttgart, ina mikono myembamba inayovunjika kwa mlio, imebanwa chini karibu na tumbo, na tumbo huchanwa kwa wembe. Ya Bavaria, ambayo wenyewe huiita Breze, ina mikono minene zaidi, na mara nyingi huachwa ipasuke yenyewe. Mtu wa Uswabi ukimpelekea ya Bavaria atakushukuru, lakini utamwona anaikagua.

Ziache ziumuke dakika 30 kwenye joto la chumba, kisha ziweke kwenye friji kwa muda wa saa moja bila kufunika. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Ngozi inakauka, donge linakuwa gumu, na unaweza kulishika bila kuliharibu. Pia ngozi kavu hunywa dawa sawasawa, ndiyo maana haitoki na mabaka.

Dawa ya rangi

Rangi ya kahawia inayong'aa na ile ladha ya pekee hutoka kwenye kostiki soda ya daraja la chakula, gramu 40 kwa lita 1 ya maji baridi, yaani karibu asilimia 4. Inavunjavunja protini za juu ya donge, hivyo ngozi hubadilika rangi haraka tanurini. Yenyewe ikikutana na hewa ya kaboni wakati wa kuoka hugeuka kuwa chumvi isiyodhuru.

Ikiwa bado mbichi, inaunguza. Vaa glavu na miwani, ondoa watoto jikoni. Tia kostiki ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Tumia bakuli la chuma kisichoshika kutu au la kioo. Aluminiamu ni marufuku, iwe sufuria au trei, kwa sababu inaliwa na dawa hiyo na chuma chake kinaingia kwenye chakula. Ikikudondokea, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20. Usipake siki. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo huku safari ya hospitali ikiandaliwa.

Usipotaka hatari hiyo, chemsha lita 1 ya maji na gramu 50 za soda ya kuokea, uchovye kila brezel sekunde 30. Itakuwa nzuri, ila rangi itapauka na ladha itapungua nusu. Magadi ya mawe yanayolainisha maharage ni jamaa yake, lakini nguvu yake haipimiki. Yaache kwenye maharage.

Kwenye kostiki, sekunde 4 au 5 zinatosha. Chuja, panga juu ya karatasi ya kuokea yenye silikoni (ya kawaida hugandamana), chana tumbo kina cha sentimita 1, nyunyiza chumvi ya chenga kubwa. Oka nyuzi 230 kwa dakika 14 hadi 16.

Tumbo lisipofunguka, donge liliumuka kupita kiasi au ulichana juujuu. Likipasuka ovyo pembeni, halikuumuka vya kutosha. Ngozi yenye malengelenge ni ya donge lililotoka friji na majimaji juu yake.

Kupeleka

Zipoe kwenye wavu, kisha zifunge kwa kitambaa au mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki chumvi itavuta unyevu, itayeyuka, na utafika na brezel zinazotoa jasho. Piga simu kwanza. Migahawa mingi hufunga siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu. Zawadi ni ya wafanyakazi. Usimwombe rafiki aziuzie wateja.

Ukikaa kula

Meza yenye kibao cha Stammtisch ni ya wateja wa kudumu, hata ikiwa tupu. Kapu la brezel lililoko mezani Bavaria si la bure: unalipia ulizokula. Weißwurst, soseji nyeupe ya ndama iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe, kwa desturi huliwa kabla ya saa 6 mchana, ikimenywa ngozi, na haradali tamu. Mkigonga glasi, mtazamane machoni.

Bili ikija, usiache bakshishi mezani. Huitajwa wakati wa kulipa, kati ya asilimia 5 na 10. Bili ni euro 44, unatoa noti ya 50: sema "achtundvierzig", yaani 48, utarudishiwa 2.