SOMO: Dredi zenye afya kwa mtu asiye na muda, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Nakutana sana na watu wanaotaka kukata dredi zao kwa sababu eti hawana muda wa kuzihudumia, na ukimuuliza mtu huwa anazihudumia vipi unakuta muda wake wote unaishia kwenye kusokota mizizi. Anakaa masaa manne anasokota mpaka shingo inauma, kuosha anaahirisha wiki hadi wiki, kukausha ndo kabisa, anapiga kilemba juu ya nywele mbichi anakimbilia kazini. Alafu analalamika dredi zinanuka na mbele zinanyonyoka.

Mimi msimamo wangu ni kwamba mtu mwenye ratiba ngumu aanze na kuosha, kukausha na kuachanisha mizizi, muda ukibaki ndo asokote. Na usipobaki hakuna kilichoharibika, wala dredi haifi kwa kukosa kusokotwa.

HATUA YA 1: Panga siku ya kuosha kwa kuhesabu muda wa KUKAUKA

Kuosha kwenyewe hakumalizi saa. Kinachokula muda ni kukauka, dredi nene na ndefu zinaweza kuchukua siku nzima, na hali ya hewa ikiwa ya baridi au unyevu zinapitiliza hapo. Kwahiyo chagua siku ambayo huna mizunguko, osha asubuhi, endelea na kazi zako za nyumbani huku zinakauka. Kuosha usiku alafu ukalala nazo mbichi ndo chanzo kikubwa cha ile harufu watu wanayoificha kwa pafyumu. Dredi inakauka nje kwanza, katikati inabaki na maji, pana giza, pana joto la kichwa, hewa haipiti, hapo kuvu inajiotea tu. Inanuka kama nguo mbichi iliyosahaulika kwenye ndoo, na ikishaingia ndani kuitoa ni shughuli.

Mara ngapi? Wengi inatosha kila wiki 1 au 2. Kwa wenye dredi changa, kuna ule ushauri wa kukaa miezi mitatu bila kugusa maji ili zishike, mimi siukubali hata kidogo. Mafuta na jasho yanafanya nywele ziteleze, nywele safi ndo inajifunga vizuri. Subiri wiki chache za mwanzo, alafu vaa kofia ya neti au soksi nyembamba ya kichwa, mimina shampuu juu yake, bonyeza bonyeza, suuza hivo hivo na neti yako kichwani.

HATUA YA 2: Kuosha

Shampuu usiipake ikiwa nzito kutoka kwenye chupa yake, ichanganye na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, alafu ipitishe kwenye njia za kichwa, katikati ya dredi na dredi. Sugua ngozi kwa ncha za vidole, sio kucha. Dredi zenyewe hazihitaji kufikichwa kama nguo, lile povu linaloshuka wakati unasuuza linatosha kuzisafisha, wewe zikamue tu.

Kwenye kusuuza ndo usiharakishe. Kama umetumia dakika tano kupaka, tumia kumi kusuuza. Shika dredi nene kuliko zote, mara nyingi iko kisogoni, ikamue kuanzia juu kushuka mpaka kwenye ncha na uangalie yale maji yanayodondoka kiganjani. Yakiwa na weupe au ukisikia utelezi, shampuu bado imo, rudia. Ukiiacha inaganda humo humo na baada ya miezi kadhaa unaanza kuona vitu vyeupe au vya kijivu katikati ya dredi unafikiri ni mba kumbe ni masalia. Kwa sababu hiyo hiyo kondishena nzito za krimu achana nazo, zimetengenezwa kwa nywele zinazochanwa.

HATUA YA 3: Kukausha

Taulo la kawaida linaacha manyoya kwenye dredi, hasa kama dredi ni nyeusi na taulo jeupe utajuta. Tumia tisheti kuukuu ya pamba au taulo la maikrofaiba. Usisugue, bana dredi chache chache na ukamue.

Kama una haraka tumia draya kwenye joto la chini au la kati, anzia kwenye mizizi, zibaki kumalizikia kwa hewa. Ukiwa na ile draya ya kukaa chini yake unaweza kufungua laptop ukafanya kazi zako huku zinakauka, huo kwangu ndo muda mzuri kuliko wote kwenye zoezi zima.

Utajuaje zimekauka? Usipime kwa kupapasa juu juu. Bana dredi nene katikati yake kwa kidole gumba na cha shahada, kaza, shikilia kidogo. Ukihisi kaubaridi fulani kanatoka ndani, kuna maji. Mpaka ubaridi huo uishe hakuna kufunga, hakuna kofia, hakuna kilemba.

HATUA YA 4: Kuachanisha mizizi

Dakika kumi tu, na ndo watu wanairuka. Kila ukimaliza kuosha, dredi zikikaribia kukauka, shika dredi mbili zilizo jirani karibu na ngozi uvute kila moja upande wake taratibu, utasikia zile nywele zilizovuka mpaka zinaachia. Nenda mstari kwa mstari. Kisogoni na nyuma ya masikio ndo zinaungana kwa kasi kwa sababu unalalia na kola za nguo zinasugua. Ukiacha miezi inakua shina moja lenye matawi mawili, hapo unachagua mkasi au unakubali ziwe dredi moja.

HATUA YA 5: Kusokota

Nywele inakua kama sentimita 1 hivi kwa mwezi. Sasa mtu anayesokota kila wiki anasokota nini? Anavuta nywele zile zile, mzizi unazidi kuwa mwembamba, mwisho dredi nzito inaning'inia kwenye uzi. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi wiki 6 mpaka 8 ni sawa kabisa, wanaopenda unadhifu zaidi wanaenda na 4, chini ya hapo sishauri.

Ukitoka kwa fundi kichwa kinauma, huwezi kulala upande, au kuna vipele vidogo kwenye mizizi, ujue zimekazwa kupita kiasi. Usikaze roho ukisema ndo urembo. Kunyonyoka kwa kuvutwa kunaanzia pembeni na mbele, ukiwahi kulegeza zinarudi, ukiendelea miaka vinyweleo vinageuka kovu na hapo nywele hazioti tena.

Ujanja wa wasio na muda: sokota mstari wa mbele na pembeni peke yake, labda na pale unapogawia nywele. Nusu saa umemaliza na mtu akikutazama anaona kichwa chote kipya. Tumia jeli nyepesi ya alovera, kidogo. Nta usiweke kabisa jamani, haiyeyuki kwenye maji, nta ya nyuki inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 60 ili igeuke maji maji, hayo maji utayamwaga kwenye kichwa cha nani?

HATUA YA 6: Dakika mbili za kila siku

Mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa hayashuki vizuri kwenye dredi, ndo maana mizizi inaweza kuwa na mafuta huku ncha zimekauka zinakatika. Weka chupa ya spreyi yenye maji karibu na kioo, spreyi kidogo kidogo (sio kulowesha), alafu matone machache ya mafuta mepesi kama jojoba ufungie unyevu. Mafuta peke yake juu ya nywele kavu hayaleti unyevu, yanaleta mng'ao na vumbi.

Usiku vaa kofia ya satini au lalia foronya ya satini. Pamba inafyonza unyevu na kuacha manyoya, na manyoya yakishajifunga ndani ya dredi huyatoi, utakaa unayachomoa kwa kibano moja moja.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Asante kwa somo mkuu. Mimi niko jim karibia kila siku, jasho linatiririka mpaka kwenye dredi. Nioshe kila siku?

Hapana, kila siku utakua unatembea na kichwa kibichi wiki nzima. Kabla ya mazoezi zikusanye juu ulegeze, vaa kitambaa cha kunyonya jasho mbele. Ukimaliza pitisha kitambaa chenye maji kwenye njia za ngozi, kausha kwa draya dakika chache. Zile chumvi za jasho ndo zinawasha, ukizitoa kwenye ngozi unafika siku ya kuosha bila shida. Ila kwa ratiba hiyo osha kila wiki, sio mbili.

Mdau: Nina mba sugu, napaka mafuta kila siku lakini inazidi.

Inazidi kwa sababu unaipa chakula dada angu. Mba inahusiana na aina ya fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na wanakula mafuta. Simamisha mafuta kwenye ngozi, tumia shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, ipake kwenye ngozi tu, iache dakika 3 mpaka 5 ndo usuuze, wengi wanakosea kwa kuitoa papo hapo. Fanya mara mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa. Hapo itabidi uvumilie kukausha mara nyingi zaidi. Ikigoma, au ukiona mabaka yasiyo na nywele, vidonda, usaha, hilo sio la kumaliza kwa shampuu, muone daktari wa ngozi.

Mdau: Vipi kuhusu kusafisha kwa siki na bekingi soda? Naona watu wanaloweka maji yanatoka meusi.

Inasaidia kama una masalia kweli, mara moja au mbili kwa mwaka, sio kila mwezi. Bekingi soda ina alkali wakati nywele na ngozi zinapenda uasidi kidogo, ukizidisha nywele inakua kavu kama kamba. Na usizichanganye kwenye beseni moja, lile povu linafurahisha macho lakini zinauana nguvu. Soda kwanza kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, suuza, alafu siki ya tufaha sehemu 1 kwa maji sehemu 4 au zaidi, suuza tena sana. Halafu weusi wa maji usikutishe sana, kuna rangi na vumbi humo, sio wote ni uchafu wa miaka.

Mdau: Nimekata dredi moja nikakuta ndani nywele nyingi zimeshang'oka kabisa. Nina tatizo?

Huna. Mtu wa kawaida anapoteza nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku. Asiye na dredi zinabaki kwenye chanuo, wewe zinabaki ndani, na ndo zinazoipa dredi unene.

Mdau: Dredi mbili za mbele mizizi imebaki kama uzi, nifanyeje kaka? Naogopa zitadondoka.

Acha kuzisokota kabisa kwa sasa, na usizifunge nyuma. Ziunganishe kila moja na jirani yake mwenye mzizi wenye afya, fundi wa kroshe (kile kisindano chenye ndoano cha kuvutia nywele ndani ya dredi) anafanya hiyo kazi haraka na haionekani. Kama ni ndefu sana punguza urefu, maana zikilowa uzito unaongezeka na wote unaning'inia pale pembamba. Usitumie gundi.

Mdau: Kazini wanataka nadhifu kila siku na asubuhi sina hata dakika 5.

Weka mtindo mmoja unaokaa wiki mbili, mabutu mawili au msuko wa dredi mbili mbili, ufanye siku ile ile ya kuosha zikishakauka. Usikaze na usirudie kufungia sehemu ile ile kila mara, kama wiki hizi umevutia nyuma, zinazofuata ziache zishuke.

Mdau: Kati ya kusokota na ile ya kupitisha ncha ya dredi kwenye mzizi kwa sindano, ipi inamfaa mtu asiye na muda?

Ya sindano inakaa muda mrefu zaidi na haifumuki ukiosha au ukitoka jasho, kwahiyo kwa mtu wa mazoezi au anayeogelea ni nzuri. Lakini ina masharti. Usiingize mpaka ugusane na ngozi, acha nafasi kidogo mzizi upumue. Na usipitishe upande mmoja kila mara, badilisha, juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto, la sivyo katikati ya mzizi panafunguka tundu, dredi inagawanyika miguu miwili. Ukiona tundu limeanza, kroshe inaliziba likiwa bado dogo.

Mdau: Naweza kubadilisha kutoka sindano kurudi kusokota?

Unaweza, ila zile nywele mpya zinazoota ndo zitasokotwa, za zamani zitabaki na umbo lake. Mwanzoni zitafumuka kila ukiosha, tumia klipu ndogo kushikilia mizizi mpaka ikauke.