Bibi kitandani, QT mezani

Mama mkwe wangu aliletwa Tanga kutoka Lushoto siku ya Jumamosi, kwenye siti ya nyuma ya Noah, upande wake wote wa kushoto umelala baada ya kiharusi. Mume wangu alikuwa ametimiza mwezi mmoja tu tangu ahamishiwe kazi Mtwara. Nyuma ya Mama akashuka binti wa shemeji yangu marehemu, miaka 18, na kibegi cha nguo. "Huyu atakusaidia," nikaambiwa. Aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipofariki.

Kama na kwako kuna gari liko njiani, soma haya kabla halijafika.

Cha kwanza si godoro. Cha kwanza ni kuuliza huyo binti anakuja kufanya nini. Kwenye koo zetu, mgonjwa akipatikana hutafutwa msichana "aliyekaa tu nyumbani", naye anakaa hivyo hivyo kando ya kitanda mpaka siku ya msiba. Watu wakishatawanyika, yeye ana miaka 25 na hana cheti. Nikamwambia mume wangu kwenye simu: Mama nampokea kwa mikono miwili, ila binti atasoma, na atasomea hapa hapa. Hakubisha. Angebisha, angekuja kumgeuza mama yake mwenyewe kila baada ya saa mbili.

Njia ya kusomea nyumbani ipo na ni ya halali: Mtihani wa Maarifa, ambao mtaani sote tunauita QT. Unapima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, na akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili ni mwanzoni mwa mwaka, kupitia shule ambayo ni kituo cha mtihani. Mtihani wenyewe ni Novemba. Sisi tuliulizwa namba yake ya mtihani wa darasa la saba, na karatasi ilikuwa imebaki sandukuni Lushoto. Basi mwambie aje na karatasi zake zote, hata zile zilizoliwa na panya. Vitabu usikimbilie kununua. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandaoni ambako unasoma vitabu vya kiada bila kulipa, na mitihani iliyopita iko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani.

Sasa ratiba. Nilianza vibaya. Nilibandika ukutani ratiba tatu: ya Mama, ya masomo, na ya cherehani yangu, maana mimi ni fundi na wateja hawangoji. Kufika Jumatano zote tatu zilikuwa zimekufa. Kilichobaki imara ni kitu kimoja tu, saa ya kumgeuza Mama, na mengine yote tukayaning'iniza hapo. Anageuzwa, binti anakaa kusoma kwa saa moja na nusu, kisha nusu saa ya uji, dawa na usafi, halafu anageuzwa tena. Kengele ya simu ya kumgeuza Bibi ikawa ndiyo kengele ya shule. Usiku tuligawana: mimi mpaka saa nane, yeye kuanzia hapo mpaka alfajiri, na aliyekesha zamu ya pili haguswi mpaka saa tatu asubuhi.

Kugeuza msikuchukulie kama desturi. Mgonjwa akilalia upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri pale alipokandamizwa, na ngozi inaanza kufa. Angalia visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio kila mnapomwogesha. Kwenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu, pitisha kiganja. Pakiwa na joto kuliko pembeni, au pagumu, asilalie tena pale na mwambieni mhudumu wa afya mapema. Chini ya miguu tuliweka mto, visigino vikawa vinaning'inia hewani. Kumsogeza tulitumia kanga iliyokunjwa mara mbili chini ya kiuno, mmoja huku mwingine kule, tukanyanyua badala ya kumburuza.

Na mkono ule uliolala usiuvute. Mimi niliuvuta wiki ya kwanza, nikidhani namsaidia kukaa, na bega likamuuma mwezi mzima. Kuvaa kunaanza na mkono mbovu, kuvua kunaanza na mkono mzima. Jaribu kinyume chake uone mtakavyopigana na blauzi.

Chakula anakula akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinaingia upande mzima. Akimaliza, chungulia shavu la upande mbovu. Mara ngapi tumekuta ugali umejificha humo! Mama alikuwa anapaliwa na maji lakini uji mzito unapita vizuri, kwa hiyo tuliuliza kliniki kabla ya kumpa vitu vya majimaji. Baada ya kula anabaki amekaa nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo iliyogeuka darasa.

Ilianza hivi. Binti alikuwa anakariri baiolojia kwa Kiingereza, anaimba kama kasuku. Nikamwambia, mweleze Bibi. Akacheka: "Mama mdogo, Bibi atajua nini kuhusu usanisinuru?" Akajaribu. Bibi akasikiliza, mdomo umepinda, akauliza taratibu: "Kwa hiyo jani linapika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kuni zake?"

"Jua."

"Na kwenye sufuria lina nini?"

Binti akanyamaza. Akarudi kwenye kitabu. Maji na hewa ya kaboni, akasema, na kinachoiva ni sukari. Siku hiyo ndipo alipolielewa lile somo. Tangu hapo ikawa sheria: mada haijaisha mpaka Bibi ameielewa kwa Kiswahili, halafu binti anaiandika kwa Kiingereza bila kufungua kitabu. Na Mama, aliyekuwa analia kila jioni kwamba amekuwa mzigo, akaanza kuuliza mbona mwalimu wake amechelewa.

Hesabu tulizitoa kwenye daftari la mgonjwa, tunaloandika saa, ubavu aliolalia, dawa na presha. Binti akachora grafu ya presha ya mwezi mzima. Daktari aliikagua kuliko alivyotusikiliza sisi.

Kuhusu ndugu nitasema machache. Itisheni kikao wiki ile ile ya kwanza, wakati huruma ingali ya moto. Wifi akikuuliza unahitaji nini, usijibu "tunamshukuru Mungu". Taja kitu na bei: pampasi za wiki mbili, nauli ya kliniki, siku nne za kuja kulala hapa. Pesa za mgonjwa ziwe kwenye laini yake peke yake, na taarifa ya matumizi uitume kwenye kundi la familia kila Jumapili hata kama hakuna aliyeuliza. Kuhusu matibabu, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya serikali; anzia serikali ya mtaa, nenda na kitambulisho chake.

Siku za mtihani zipangie mtu mapema. Wifi yangu wa Dar nilimwomba Agosti, naye akachukua likizo Novemba. Tulimfundisha kugeuza siku mbili kabla, maana maneno ya simu hayatoshi.

Siku ya baiolojia binti alirudi jua limeshakuwa kali, hajavua hata viatu, Bibi akamwita. "Jani limetoka?"

"Halikutoka, Bibi. Wameuliza moyo."

Bibi akanuna mpaka jioni.